Nilivyosomea Historia ya Wagiriki wa Kale, na Niliyoyalipia

Kila Septemba, msimu wa maombi ya ufadhili unapokaribia, hunitafuta vijana wawili watatu wanaotaka kufuata njia niliyopita. Wengi wamehitimu shahada ya kwanza ya historia, alama zao ni nzuri, wamewasoma Herodotus na Thucydides, wanahistoria wa Kigiriki wa kale, kwa tafsiri ya Kiingereza wakanogewa, na swali lao ni moja: waanzie wapi? Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, kwa vipande. Safari hii nayaandika yote, pamoja na yale ambayo huwa nayaruka kwa sababu bado yananiuma.

Mimi ni mzaliwa wa Mafia. Baba alikuwa na shamba la minazi. Babu mzaa mama alikuwa mvuvi wa madema, mitego ya samaki inayosukwa kwa fito, na hadi leo mikono yake ina makovu ya fito alizokuwa akipasua na kusuka. Nilikua nikimletea maji huku yeye akifunga tundu moja la pembe sita baada ya jingine, na sikuwahi kufikiri kwamba kazi ile ingekuja kuniokoa maktabani, maili maelfu kutoka Kilindoni.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, mhadhiri wetu alitugawia karatasi moja ya fotokopi. Ilikuwa tafsiri ya kurasa chache za Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 baada ya Kristo, kilichoandikwa na mtu asiyetaja jina lake, mfanyabiashara wa baharini kutoka Misri kwa jinsi anavyoandika. Anaeleza bandari baada ya bandari, hadi anafika pwani anayoiita Azania, yaani pwani yetu. Anataja kisiwa cha Menouthias, na soko la mwisho kabisa liitwalo Rhapta, ambalo jina lake linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Anaorodhesha pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Anasema manahodha wa Kiarabu walioa huku na walijua lugha ya watu wa huku. Nilisoma karatasi ile nikiwa nimesimama mlangoni, wenzangu wameshatoka. Nikajiwekea nadhiri kwamba siku moja nitayasoma maneno yale kwa lugha yaliyoandikiwa.

Nadhiri ilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba sikuelewa maana yake. Niliamini kwamba historia ni hoja, na mtu mwenye hoja nzuri atajifunza lugha njiani. Kosa hilo moja lilinila miaka 3 na shamba la baba.

Nilihitimu mwaka 2011 nikaenda kufundisha sekondari. Mwaka 2016 nikapata nafasi ya shahada ya uzamili ya historia ya kale katika chuo kimoja Uingereza. Barua ya kukubaliwa ilisema Kigiriki si lazima, wanaoanza watafundishwa. Niliisoma kama baraka. Ukipata barua kama hiyo, elewa kwamba imekuruhusu kuingia darasani tu. Haijasema kwamba utakapotoka utakuwa na sifa za kwenda mbele. Uzamili wa Uingereza ni mwaka mmoja, na mwaka mmoja hautoshi kuanza Kigiriki na kufikia kiwango ambacho msimamizi wa uzamivu atakiangalia mara ya pili.

Niseme fedha kwa tarakimu, maana watu huzificha. Ada ilikuwa pauni 15,500. Chuo kilinipunguzia 4,000. Juu ya 11,500 zilizobaki, sheria ya viza ilinitaka nionyeshe fedha za kujikimu, ambazo kwa anayesoma nje ya London zilikuwa pauni 1,015 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani 9,135. Ongeza viza yenyewe, nauli, na tozo ya huduma za afya, wakati huo pauni 150 kwa mwaka kwa mwanafunzi (sasa ni 776). Pauni moja ilikuwa karibu shilingi 2,900, na mshahara wangu wa ualimu haukufika milioni moja kwa mwezi. Nilikopa SACCOS ya walimu. Mtoto wa ami yangu aliyeko Muscat alinikopesha milioni 20. Pengo lililobaki alilijaza baba kwa kuuza shamba, minazi 210. Aliniuliza swali moja tu jioni ile: "Mwanangu, hao Wayunani watatupa nini?" Nikampa jibu refu. Hakulielewa, na nikilikumbuka sasa naona hata mimi sikulielewa. Akasema, "Haya, nenda na Mungu akutangulie."

Kisha nikafanya kosa la kitoto kabisa. Sheria ilitaka fedha zile zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Siku ya 21 niliona bei ya tiketi imeshuka nikailipia kutoka akaunti ileile. Salio likapungua kwa siku 3 kabla sijalijaza tena. Nilikwenda kuchukua taarifa ya benki nikiwa na furaha, na dada wa dirishani ndiye aliyeniuliza, kwa upole, kama hiyo ndiyo akaunti ya viza. Hesabu ikaanza upya kutoka siku ya kwanza. Tiketi nayo ikapotea. Kama unajiandaa, fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya viza, na matumizi mengine yote yatoke kwingine.

Nilifika wiki ya 3 ya muhula. Darasa la Kigiriki lilikuwa limeshamaliza alfabeti, lafudhi na nomino za kundi la kwanza, na kila Jumatatu lilikuwa na jaribio. Kwa wiki 5 nilikuwa naandika majibu ya kubahatisha huku nikilia usiku. Sikumwambia mwalimu kwamba nimechelewa kwa sababu ya viza. Niliona aibu, nikadhani atasema Waafrika hawajui kujipanga. Nilipomwambia hatimaye, mwezi Novemba, alinipa saa moja ya ziada kila Alhamisi bila malipo. Wiki zile 5 nilijinyima mwenyewe msaada uliokuwa mlango wa tatu kutoka kwangu.

Kuna jambo hakuna aliyeniambia, nami nawaambia: mzungumzaji wa Kiswahili anaingia darasa lile na mtaji. Wenzangu walihangaika na upatanisho wa nomino na sifa zake. Mimi niliyekua nikisema "vyombo vyangu vizuri vimevunjika" sikushangaa kuona neno moja likiyavisha mengine sare yake. Kitenzi cha Kigiriki hubeba mtendaji ndani yake kama chetu. Wana kauli iliyo katikati ya kutenda na kutendwa, ambayo kitabu cha Kiingereza kiliieleza kwa kurasa 4 nisielewe, hadi nilipoandika pembeni kwa penseli: *louo*, namwogesha, *louomai*, naoga. Ikaisha hapo. Tangu siku ile daftari langu la Kigiriki nikaliandika kwa Kiswahili, na kasi yangu ikabadilika. Kilichonitoa jasho kweli ni miisho ya nomino. Kwetu ukigeuza "mbwa amemng'ata mtu", umegeuza aliyeng'atwa. Kwao maneno yanaweza kukaa popote, na herufi moja ya mwisho ndiyo inayokwambia nani kamng'ata nani. Hakuna njia ya mkato pale, ni kukariri majedwali kila siku hadi yakuingie kama aya za Kurani zinavyomwingia mtoto wa chuoni.

Nilimaliza uzamili na alama nzuri. Nikaomba uzamivu vyuo 6. Vyote vikakataa. Mtu mmoja tu ndiye aliyechukua dakika zake kunieleza kwa nini: pendekezo langu la utafiti lilikuwa zuri, lakini kila chanzo nilichokinukuu nilikinukuu kwa tafsiri. Nilichukia sana siku ile. Baadaye nikaona ndiye pekee aliyenitendea wema.

Novemba 2017 nilirudi nyumbani na deni, bila kazi, na bila shamba la kukimbilia. Nilipata nafasi shule binafsi Dar es Salaam. Miezi ya kwanza sikuweza kugusa kitabu cha Kigiriki. Hata mabegi sikuyafungua yote. Mama ndiye aliyegundua kwamba nimekonda, akaja kukaa nami mwezi mzima bila kuuliza lolote.

Aliyenirudisha ni Padre mmoja mstaafu aliyefundisha Kigiriki cha Agano Jipya seminari kwa miaka mingi. Mwalimu mwenzangu alinipeleka kwake. Padre alipojua mimi ni Mwislamu aliniuliza kama itanikwaza tukianza na Injili ya Yohana, kwa kuwa Kigiriki chake ni chepesi. Nikamjibu kwamba nimekuja kutafuta lugha. Kila Jumapili saa 9 alasiri, baada ya kupumzika kwake, tulikaa barazani. Aliniandikisha kila sentensi kwa mkono, kisha niisome kwa sauti, kisha nifunge kitabu niiseme. "Rudia, mwanangu," ndilo neno nililolisikia kuliko yote. Siku tuliyofika neno bahari, alisema *thalassa*, akatabasamu: "Hao wako wa Athens watakwambia *thalatta*. Ni bahari ileile." Hakuwahi kupokea hata shilingi. Nilimpelekea samaki wakavu na nazi kila nilipotoka Mafia.

Siku nyingine niliamka saa 10 na nusu alfajiri, nikasoma Xenophon, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, hadi saa 12. Kurasa za mwanzo zilinichukua wiki nzima kila moja. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa nasoma kurasa 2 kwa asubuhi, kamusi ikiwa mbali kidogo. Karibu vyote nilivyotumia vilikuwa vya bure: matini na kamusi kubwa ya Liddell na Scott zipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus, kamusi hiyo ipo pia Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago, na maandishi ya mawe ya Athens yanapatikana pamoja na tafsiri kwenye Attic Inscriptions Online. Hata hati ya kale ya mkono yenye Periplus, iliyohifadhiwa Heidelberg, imepigwa picha na unaweza kuiona mtandaoni ukurasa kwa ukurasa. Mara ya kwanza kuona neno Rhapta kwa mkono wa mnakili yule nilikuwa kwenye daladala, Mbagala, simu ikiwa na chaji asilimia 9.

Laiti ningeanza na miaka ile 2 kabla ya Uingereza, deni lisingekuwepo. Na kwa anayetaka chuo, asidhani njia ni Ulaya na Marekani peke yake. Chuo Kikuu cha Malawi kimefundisha taaluma hizi tangu enzi za Rais Banda, aliyezipenda hadi akajenga Kamuzu Academy, ambako Kigiriki na Kilatini vilifundishwa sekondari. Ibadan kule Nigeria na Legon kule Ghana nazo zina idara za miaka mingi. Sikuzifikiria kabisa mwaka 2016, nami nasikitika.

Mwaka 2019 niliomba tena, vyuo 4 tu. Safari hii niliwaandikia wasimamizi miezi 5 kabla, barua fupi, nikiambatanisha kurasa 3 za tafsiri yangu mwenyewe na maelezo yake. Wawili walijibu. Mmoja wao ndiye aliyenipigania nikapata ufadhili kamili, ada na posho ya kuishi. Uzamivu wa taaluma hii usiuanze kwa fedha zako. Sisemi hivyo kwa sababu ya umaskini wetu. Ni kwamba ajira za mwisho wa safari ni chache mno kiasi kwamba deni lake halina mahali pa kulipiwa.

Oktoba 2019 nikaanza. Machi 2020 maktaba zikafungwa kwa sababu ya korona, nami nikabaki kwenye chumba cha mita 3 kwa 4 na kompyuta. Mwezi Aprili, kwa kukata upweke tu, nikaanza kutafsiri zile sura za Azania kwa Kiswahili nimsomee babu. Mpwa wangu alimshikia simu.

Nilimsomea kwamba watu wa Menouthias wana vyombo vidogo vya kushonwa na mitumbwi ya mti mmoja, wanavyovulia samaki na kukamatia kasa, na kwamba wana namna yao ya kukamata kwa *gyrgathos*, wanazozishusha badala ya nyavu kwenye midomo ya mahali maji yanapoingilia. Kamusi inasema *gyrgathos* ni kikapu kilichosukwa. Mimi nilitafsiri "dema" bila kufikiri.

Babu akanikatiza. "Ngoja kwanza, mke wangu. Kasa gani anaingia demani? Mlango wa dema haumpitishi." Nikamwambia ndivyo alivyoandika. Akanyamaza, nikasikia mpwa wangu akihangaika na simu. Kisha akasema: "Umesema wanaweka kwenye mdomo maji yanapoingilia. Basi wanaziba. Kasa anaingia maji yakijaa, yakitoka hana pa kupita. Hapo ni mambo ya uzio, dema peke yake haliwezi." Halafu akauliza: "Huyo Myunani mwenyewe alishuka chomboni, au alihadithiwa?"

Nilikata simu nikakaa kitandani. Swali la babu ndilo swali ambalo wataalamu wa kitabu kile wamejadili kwa muda mrefu: mwandishi alifika kila mahali anapopaeleza, au sehemu nyingine alizipata kwa mabaharia? Na alikuwa amenipa pia njia ya kulijibu kwa sentensi ile moja. Mtu aliyeona chombo cha uvuvi kikifanya kazi hawezi kuchanganya kikapu kinachozama na kikapu kinachoziba njia ya maji. Aliyehadithiwa anaweza. Pale nilipokuwa nimejificha kwa miaka 4, nikiandika kama mtoto wa Oxford ambaye si mimi, ndipo palipokuwa na kazi yangu. Makala iliyotokana na simu ile ilikataliwa na jarida la kwanza baada ya miezi 7. La pili liliikubali baada ya kuirudisha mara mbili. Jumla miezi 19. Babu nilimshukuru kwa jina ndani yake, naye alitaka asomewe mstari ule mara tatu.

Mwaka wa pili wa uzamivu nilianguka vibaya. Sura yangu ya 3 ilihusu amri za miji ya Kigiriki kuhusu meli za nafaka. Nilijenga kurasa 40 juu ya neno moja kwenye amri moja. Mtahini wa ndani akaifungua, akanigeuzia ukurasa, akauliza: "Neno hili kaliandika nani?" Lilikuwa ndani ya mabano ya mraba. Kwenye matoleo ya maandishi ya mawe, kilicho ndani ya mabano hayo hakipo kwenye jiwe. Jiwe limevunjika hapo, na mhariri amejaza anachodhani kilikuwepo. Nami nilijua kanuni hiyo, niliisoma muhula wa kwanza kabisa. Lakini neno lilinifaa, basi macho yangu yaliyaruka mabano. Kurasa 40 zikafutika kwa sababu ya dhana ya bwana mmoja wa karne ya 19.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu: kabla hujaandika "jiwe linasema", chora mstari chini ya herufi zilizopo kweli, uone zimebaki ngapi.

Msimamizi wangu aliniambia dawa ni kwenda kuyagusa mawe yenyewe. Kiangazi cha 2021 nilipanga kwenda Athens, sikufika. Kibali changu cha kuishi Uingereza kilikuwa kinakaribia kwisha, na viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ugiriki na nchi nyingine nyingi za Ulaya, inadai kibali hicho kiwe hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka huko. Niligundua kwenye dirisha la maombi, nauli imeshalipwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania asifanye mipango kwa kalenda ya wenzake wa darasani. Wao hupanda ndege Ijumaa wakafika. Wewe una ruhusa ya kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari. Itumie yote.

Mwaka uliofuata nilifika. Makumbusho ya Epigrafia yako mtaa wa Tositsa, ubavuni mwa Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, watalii wengi wanayapita bila kuyaona. Ndani kuna mawe yaliyoandikwa zaidi ya 13,000. Tulifundishwa kuchukua nakala ya karatasi: unasafisha jiwe kwa maji, unalaza juu yake karatasi nzito ya kuchujia iliyolowa, kisha unaipiga kwa brashi ngumu yenye mpini, kutoka katikati kwenda pembeni, hewa itoke na karatasi iingie ndani ya kila herufi. Unaiacha ikauke. Ukiibandua imekuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na herufi zimetuna mgongoni zikiwa zimegeuka. Ya kwanza niliibandua mapema ikachanika kwenye mstari wa 6. Ya pili nilisubiri. Nilipopitisha vidole juu ya zile herufi, zimepangwa kwa safu kama miche ya minazi, juu kwa chini na kushoto kwa kulia, hakuna nafasi kati ya neno na neno, nilikumbuka kurasa zangu 40. Pale ambapo mhariri aliweka neno langu palikuwa na ufa mpana kuliko kiganja. Nisingehitaji hata kujua Kigiriki kuuona.

Niliiandika upya sura ile kwa miezi 8. Tasnifu niliitetea mwaka 2023.

Ajira sitaziremba. Niliomba nafasi 38 katika nchi 5. Niliitwa kwenye usaili mara 4. Nilipata mkataba wa miezi 9, kufundisha badala ya mtu aliyekuwa likizo. Gharama za kuhama zikala mishahara miwili. Taaluma yenyewe inapunguzwa hata kwenye vyuo vyenye fedha. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, kilivunja idara yake ya taaluma hii, iliyokuwa ya pekee ya aina hiyo kati ya vyuo vya kihistoria vya Waamerika weusi, na ambako Frank Snowden, msomi mweusi wa historia ya kale, alifundisha kwa miongo mingi. Niliposoma habari ile niliomboleza kama nimefiwa. Kwenye ukuta wa chumba changu nilikuwa nimebandika picha ya William Sanders Scarborough, aliyezaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1852 na kufikia mwaka 1881 akawa amechapisha kitabu cha kufundishia Kigiriki. Siku nilizotaka kuacha nilikuwa namtazama yeye.

Mkataba ulipokwisha, mwaka 2024, nilirudi. Sasa ni mhadhiri wa muda, nalipwa kwa kozi, na mapato mengine nayapata kwa kutafsiri nyaraka. Mwenye familia ya kulisha lazima alijue hilo kabla hajaanza, na awe na ujuzi wa pili mkononi. Kwangu ni tafsiri, kwa mwenzangu wa Kampala ni uhasibu. Kila Jumamosi saa 3 asubuhi nafundisha Kigiriki wanafunzi 5, kwa Kiswahili, kwa daftari langu lilelile la penseli lililoongezwa kurasa. Wiki mbili zilizopita tumefika kauli ya kati. Niliandika *louomai* ubaoni, na kabla sijasema kitu binti mmoja wa Tanga akasema, "Naoga."

Deni la SACCOS lilikwisha 2022, kwa posho ya uzamivu. La Muscat bado milioni 6. Shamba nimeliulizia. Aliyelinunua amekata baadhi ya minazi akajenga nyumba upande wa barabara, lakini upande wa chini, unaoelekea kisimani, yuko tayari kuuza. Nimempa shilingi laki 8 za kwanza mwezi uliopita, baba akiwa shahidi.